Gogo la Ufukweni Ndani ya Tangi la Samaki: Lipi Salama, Lipi Uliache

Msimu wa kusi, ufukwe wa mashariki ya Unguja, kuanzia Makunduchi na Jambiani hadi Matemwe, hupokea matawi, mizizi na vipande vya mbao pamoja na majani ya bahari. Kwenye ghuba na hori za Pemba, mizizi mikavu ya mikoko hukutwa imelala juu ya matope. Mwenye tangi la samaki nyumbani akiokota mzizi uliopindapinda, mchanga ukiwa umeusugua hadi ukang'aa kama fedha, huuliza swali moja tu: huu ni salama?

Hapo ndipo mambo yanapochanganyika, kwa sababu swali hilo lina maswali matatu ndani yake. Ni mti gani? Umepita wapi na umenyonya nini? Na sasa hivi uko katika hali gani? Watu wengi huhangaika na la kwanza, wakitafuta orodha ya miti mizuri na miti mibaya. La pili ndilo la hatari zaidi. Mti usio na madhara yoyote, ukiisha kunyonya mafuta ya injini au dawa ya kuhifadhia mbao, hauoshwi ukaoshika, hata ukiuchemsha siku nzima.

Jambo moja kabla ya mengine: maelezo haya ni ya tangi la maji matamu. Tangi la samaki wa baharini halihitaji gogo kabisa. Gogo litaoza polepole, litachafua maji na kula ule uwezo wa maji ya bahari wa kushikilia pH yake, yaani kipimo cha uchachu wa maji, na samaki wa miamba hawana faida nalo.

Limepita wapi

Ukiona mbao ina pembe zilizonyooka, tundu la msumari, kutu, au alama ya msumeno, hiyo si zawadi ya msituni. Imetoka kwenye chombo, gati, nyumba au shehena. Vyombo vyetu vya asili hupakwa deheni sehemu ya chini, yaani mchanganyiko wa chokaa na shahamu, na sifa, mafuta ya papa, kwenye mbao za juu. Nyufa zake huzibwa kwa kalafati ya pamba iliyolowa mafuta. Boti za siku hizi hupakwa chini rangi yenye shaba ili viumbe vya baharini visishike. Mbao za namna hii zipo kwa wingi karibu na sehemu zinakojengwa na kutengenezwa vyombo, kama Nungwi, na karibu na bandari kama Malindi ya mjini Unguja, Mkoani na Wete. Mafuta hayo hutoka kidogokidogo kwa miezi. Shaba nayo huua kamba na konokono kwa kiasi kidogo mno, kabla samaki hajaonyesha dalili yoyote.

Kundi la pili ni mbao zilizotiwa dawa. Mbao ya msonobari yenye rangi ya kijani iliyoingia ndani, si ya juu juu tu, mara nyingi imetiwa dawa ya shaba, kromiamu na arseniki. Nguzo nyeusi inayonuka lami imetiwa kriosoti. Hizi usizichukue, na wala usizichome kupikia, kwa sababu arseniki hutoka na moshi na kubaki kwenye majivu.

Vigingi vya mashamba ya mwani viko katikati. Kigingi cha mti wa asili kilichokaa baharini miaka miwili hakina dawa, na baadhi yao hupendeza sana. Toa tai-tai zote zilizokwama, zile nyuzi za kufungia mwani, kagua kama hakuna msumari, kisha kichukulie kama gogo jingine lolote. Muulize mwenye shamba kwanza. Kigingi kilicholala huenda bado kinatumika.

Ukiwa na shaka ya mafuta, kipo kipimo kisichohitaji kifaa. Chonga vipande vyembamba kutoka ndani ya gogo, vijae kiganja, utie kwenye bilauri ya maji ya moto na kuifunika kwa sahani dakika kumi. Funua, unuse mara moja, halafu utazame juu ya maji kwa kuinamisha bilauri upande wa mwanga. Ukiona utando unaometameta, uchokoe kwa njiti. Utando wa bakteria hupasuka vipande vyenye ncha na kubaki umeachana. Utando wa mafuta hufunguka, huzunguka, kisha hujifunga tena pale pale ulipopita njiti. Huo wa pili ukiuona, mjadala umekwisha.

Ni mti gani

Gogo lisilo na gome wala jani halitambuliki kwa urahisi, hata kwa fundi seremala. Kwa hiyo ujuzi wa miti hutusaidia zaidi pale tunapochukua tawi tunalojua lilikotoka.

Mizizi na matawi makavu ya mkoko, msinzi na mchu ni mazuri sana kwa kazi hii: mbao nzito, ngumu, nyingi huzama zenyewe baada ya kulowa. Mkandaa nao unafaa, ila magome yake yana tanini nyingi, ndiyo maana yalitumika zamani kutengenezea ngozi. Bila kumenya gome maji yatakuwa mekundu kwa miezi. Mvinje, uliopandwa pwani zote, ni mgumu na hudumu, na nao hutoa rangi nyingi. Mpera mkavu ni katika miti bora kabisa kwa matangi: matawi yake hupinda vizuri na huchelewa kuoza. Mwembe unafaa ukiwa umekufa zamani na kukauka hadi kiini. Mnazi haufai. Nyuzi zake hulainika, hujaa maji machafu na kuoza ndani ya muda mfupi. Kifuu chake, kwa upande mwingine, ni pango zuri la samaki wadogo. Kwangua nyama yote ya nazi, chemsha mara mbili, basi.

Visiwa vyetu vina hatari moja ambayo maelezo ya nchi nyingine huitaja kwa nadra. Ni viungo. Mafuta ya karafuu ndiyo dawa wanayotumia wafugaji na waganga wa mifugo kumlaza samaki: takriban miligramu 40 hadi 100 kwa lita moja ya maji humpoteza fahamu, na ikifika 400 haamki tena. Mafuta hayo yapo zaidi kwenye karafuu zenyewe, makonyo na majani, si kwenye mbao ya shina. Hata hivyo tawi bichi la mkarafuu lenye gome na vijiti vyake ni la kuacha, kwa kuwa hakuna namna ya nyumbani ya kupima limebakiza kiasi gani. Mdalasini uuweke katika kundi hilohilo, na mkaratusi pia.

Mwarobaini usiingie tangini kwa namna yoyote. Sumu yake ya wadudu haibagui mdudu na kamba. Mnyaa na utupa hazihitaji maelezo marefu, maana wavuvi wamezijua kama sumu za samaki tangu enzi. Mkanju, yaani mkorosho, una utomvu unaochoma ngozi, na hata ukikauka haufai kujaribiwa wakati miti mingine ipo. Miti yenye ulimbo, kama msonobari, huendelea kutoa ulimbo majini. Kanuni inayofaa kwa mti usioujua: ukiukata ukatoka utomvu mweupe kama maziwa, ukinata mkononi, au ukinukia kwa nguvu kama dawa au kiungo, uache.

Na usikate mkoko ulio hai. Kuukata bila kibali ni kosa, na mti mbichi haufai hata hivyo, kwa sababu sukari iliyomo ndani hulisha ukungu na bakteria hadi hewa ya majini inapungua. Mizizi iliyokwisha kufa na kung'oka ipo ya kutosha.

Liko katika hali gani

Bonyeza kwa ukucha wa kidole gumba sehemu tatu au nne. Ukucha ukizama, gogo limeoza. Kisha chukua kisu, chokoa kwenye mafundo na kwenye ncha zilizokuwa zimefukiwa mchangani, maana uozo huanzia huko. Sehemu laini ikiwa ndogo, ichonge hadi ufike mbao ngumu. Ikiwa ni nusu ya gogo, usijisumbue.

Halafu kata ncha moja kwa msumeno. Utaona mambo ambayo uso wa nje hauonyeshi. Mashimo ya mviringo yaliyotandikwa ndani kwa chokaa nyeupe, laini kama ganda la yai, ni kazi ya kiumbe anayefanana na mnyoo lakini kwa ukoo ni jamaa ya chaza. Hutoboa mbao ingali baharini, na akifa mwili wake huozea humohumo. Gogo la namna hii lina shida mbili. Mabaki yake hutoa amonia, na ile chokaa huyeyuka polepole na kuyafanya maji kuwa magumu zaidi. Matundu machache yanaweza kusafishwa kwa waya. Gogo lililotobolewa hadi likawa jepesi liache.

Kwa magamba yaliyoshika nje, tone la siki linatosha kukupa jibu: likitoa povu, hapo pana chokaa. Kwangua yote.

Harufu ya mayai viza ukikata ni onyo kubwa kuliko watu wanavyodhani. Maji ya bahari yana salfeti nyingi, na bakteria wanaoishi pasipo hewa ndani ya mbao huigeuza kuwa gesi yenye sumu kali kwa samaki. Gogo lenye weusi wa ndani na harufu hiyo litaendelea kuitoa hata likiwa safi kwa nje.

Chumvi

Gogo likikauka juani, kinachoondoka ni maji. Chumvi hubaki ndani. Watu wengi hulikuta gogo jeupe, kavu, jepesi, wakasema hili limeshakuwa safi. Chukulia kipande cha kilo moja kilichokuwa kimenyonya mililita 400 za maji ya bahari. Kila lita ya bahari ina gramu 35 za chumvi, kwa hiyo ndani ya kipande hicho mna gramu 14, karibu vijiko viwili na nusu vya chai. Kwenye tangi la lita 60 hiyo ni gramu 0.23 kwa lita. Kwenye tangi la lita 20 inakuwa gramu 0.7. Samaki kama gapi na moli hawatajali. Samaki kama neoni na koridorasi, na baadhi ya mimea ya majini, huenda wakaanza kuteseka, na mwenye tangi hatajua kwa nini.

Chumvi hutoka kwa kusafiri polepole kutoka kiini hadi nje, na muda wake hauendi sawa na unene. Gogo nene mara mbili huhitaji muda wa karibu mara nne. Kipande cha unene wa kidole chaweza kumalizika ndani ya wiki moja hadi mbili. Cha unene wa kifundo cha mkono huhitaji miezi kadhaa. Cha unene wa paja huchukua miezi mingi. Kwa anayeanza, ushauri wetu ni vipande vyembamba kadhaa vinavyofungwa pamoja badala ya gogo moja kubwa.

Kulisafisha

Sugua kwa brashi ngumu na maji tu. Sabuni usitumie, mbao huinyonya. Klorini ya kufulia tungependa uiache vilevile. Huingia ndani ya vinyweleo vya mbao, na kuitoa ni kazi kuliko kuua ukungu kwa moto.

Chemsha saa moja kwa vipande vyembamba, saa mbili kwa vinene, na umwage maji yakiwa meusi ili uanze na mapya. Kuchemsha huua ukungu, mayai ya wadudu na konokono, hufukuza hewa ili gogo lizame, na huharakisha chumvi na tanini kutoka. Kusizidishwe: saa nyingi mfululizo hulegeza nyuzi na gogo litaoza mapema. Fanya kazi hii nje kwenye jiko la kuni, na sufuria hilo lisirudi kupikia chakula, kwa kuwa hujui kilichotoka. Gogo lisiloingia sufuriani limwagiwe maji yanayochemka mara nne au tano kila upande.

Kisha loweka kwenye ndoo au pipa la plastiki safi lisilowahi kubeba dawa wala mafuta, ukibandika jiwe juu ili lisielee. Badilisha maji kila siku ya tatu. Muda huo haukuchaguliwa kwa kubahatisha: mbu huhitaji takriban wiki kutoka yai hadi kuruka, na ndoo iliyosahauliwa uani ni kitalu cha mbu wa homa ya dengi. Funika kwa kitambaa pia.

Kipima TDS, kile kidogo mfano wa kalamu kinachopima jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka majini, kinakuonyesha lini umemaliza. Pima maji ya bomba kabla ya kumimina, andika namba, kisha pima tena siku ya tatu. Mwanzoni tofauti yaweza kuwa mamia. Ikishuka chini ya 30 (miligramu kwa lita, au ppm) mara mbili mfululizo, chumvi imekwisha kwa kiasi cha kutosha. Kidogo kinachobaki ni tanini na madini ya mbao yenyewe.

Gogo la mtoni au bwawani lina sharti jingine. Unguja na Pemba bado kuna kichocho cha mkojo, na konokono wanaokibeba huishi kwenye mabwawa na vijito. Usiingie majini kulifuata bila viatu vya mpira na glavu ndefu. Liache likauke kabisa juani, kisha lichemshwe. Kukausha peke yake hakutoshi, kwa sababu baadhi ya konokono hao hustahimili ukame.

Kulijaribu kabla ya samaki

Andaa ndoo mbili za lita 20, maji yaleyale ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke. Moja itie gogo, nyingine iache tupu. Baada ya wiki pima pH na amonia katika zote mbili. Amonia ikionekana kwenye ndoo ya gogo tu, kuna kitu kinaoza ndani.

Ikiwa safi, tia konokono wanne waliozaliwa tangini katika kila ndoo, si wa kuokota bwawani. Waangalie siku nne. Wenye afya hutambaa na kula. Wakijifungia ndani ya maganda, wakaanguka chini, au wote wakapanda kutoka majini kwenye ndoo ya gogo huku wale wa ndoo ya pili wakiwa salama, gogo lina shaba au sumu nyingine. Ndoo ya pili ndiyo inayokuwezesha kuamini matokeo. Bila hiyo, hutajua kama ni gogo au ni maji.

Siku za mwanzo tangini

Maji yatageuka rangi ya chai. Tanini haina madhara kwa samaki, na wengi huipenda. Sehemu kubwa ya maji ya visima vyetu hutoka kwenye mwamba wa chokaa, ni magumu na hayayumbi kwa urahisi, hivyo usitarajie gogo lishushe pH kwa kiasi cha kuonekana. Anayetumia maji ya mvua ndiye anayepaswa kuwa macho, maana hayo hayana cha kuzuia asidi. Mwenye samaki wa Ziwa Tanganyika au Ziwa Nyasa, wanaopenda maji magumu, atafanya vizuri kutumia mawe zaidi kuliko magogo. Rangi ikikukera, badilisha robo ya maji kila wiki au weka kwenye filta mkaa maalumu wa kuchujia, si ule wa jikoni.

Ndani ya wiki ya kwanza utando mweupe kama kamasi huweza kufunika gogo. Ni ukungu na bakteria wanaokula sukari iliyobaki. Hauna sumu, konokono na kamba huula, na hupotea kwa wiki mbili hadi nne. Ukiwa mnene mno, toa gogo, lisugue, lirudishe, na uongeze pampu ya hewa.

Gogo linaloelea lifunge kwenye kigae au jiwe gumu kwa mshipi wa nailoni, au kwa skrubu ya chuma cha pua. Msumari wa bati hutoa zinki, na waya wa shaba hauhitaji kusemwa tena. Jiwe la matumbawe litaongeza ugumu wa maji ambayo tayari ni magumu.

Samaki wakianza kuhema juu ya maji saa chache au siku chache baada ya gogo kuingia, usisubiri kupima. Toa gogo kwanza, badilisha nusu ya maji kwa maji yaliyoondolewa klorini na yenye joto lilelile, washa hewa, weka mkaa wa filta, halafu ndipo upime amonia. Gogo lenyewe lirudi kwenye jaribio la ndoo mbili. Likishindwa tena, lisiingie tangi lolote. Samaki aitwaye pleko ndiye wa kuwekewa jicho zaidi, kwa sababu yeye haishi tu kando ya gogo bali hulikwangua na kulimeza. Hata gogo zuri, baada ya mwaka mmoja au miwili ya kukwanguliwa, rudia kipimo cha ukucha kwenye mafundo.